Maslahi Binafsi

Shelisheli lilibaki moja tu, na mikono miwili ilikuwa juu yake.

Ilikuwa siku ya kuamkia Ramadhani, katika soko kuu la Mawaleh kabla halijahamishwa, na Maskati nzima ilikuwa imemiminika pale kana kwamba kesho kula kutapigwa marufuku. Mikokoteni iligongana, wauzaji walinadi kwa Kiarabu, kwa Kibangali na kwa Kiswahili cha kubahatisha, na harufu ya maembe yaliyoiva kupita kiasi ilikaa kooni. Rawya alikuwa ametoka ofisini Al Khuwair moja kwa moja. Alivaa baibui jeusi lenye nakshi ya fedha mikononi, mtandio wa zambarau, na viatu vya visigino ambavyo havikuistahili sakafu ile. Mama yake alimwambia asirudi nyumbani bila ya shelisheli.

"Samahani," alisema bila ya kuachia. "Hili nimelishika mimi kwanza."

"Umeligusa kwanza," alijibu mwanamme aliyekuwa upande wa pili wa meza. "Mimi nimelishika. Kugusa na kushika ni mambo mawili."

Alikuwa mrefu, kanzu yake nyeupe imekunjwa mikono, kofia imelala upande, na macho yake yalikuwa yakicheka kabla ya mdomo.

"Una shahidi?"

"Yule." Alimwonyesha muuzaji kwa kidevu. Muuzaji akageuka kupanga vitunguu.

"Shahidi amekukana."

"Lahaula! Wewe wakili nini?"

"Ndiyo."

Akacheka mpaka watu wakageuka. "Basi nimekwisha. Mama yangu yumo garini ananingoja. Nikirudi mikono mitupu atasema walimbadilishia mtoto hospitali."

"Na wangu ameshabandika chungu."

Walitazamana juu ya lile tunda la kijani lililosafiri kwa ndege kutoka Unguja ili lije kugombaniwa nao. Mwishowe muuzaji alichoshwa nao, akachukua kisu, akalipasua katikati, akampa kila mmoja nusu yake.

"Likishakatwa halikai," Rawya alilalamika.

"Basi tule leo sote wawili, kila mtu kwao." Alimtazama usoni kwa makini. "Miwani yako imekaa upande. Jicho la kushoto linakuuma jioni, kweli si kweli?"

Rawya alishtuka. Lilikuwa likimuuma kweli.

"Nna duka la miwani Darsait. Naitwa Zahor. Njoo nikunyooshee, sikutozi kitu. Nitakuwa nalipa deni la nusu shelisheli."

*

Rawya alijidai, akaacha wiki nzima ipite. Kisha akaenda.

Duka lilikuwa limebanwa baina ya fundi cherehani na muuza vipuri, lakini ndani lilikuwa safi na baridi, na kuta zake zimejaa miwani tupu zinazomtazama mtu. Zahor alivaa koti jeupe juu ya kanzu. Aliuacha wazi mlango wa chumba cha kupimia, kwa heshima, akamkalisha mbele ya mashine.

"Kidevu hapa. Paji la uso hapa. Usipepese."

"Unapenda kuamrisha."

"Ni hapa tu. Nyumbani naamrishwa mimi." Alibadili kioo. "Bora hivi, au hivi?"

"Ya kwanza."

"Na sasa unaona nini?"

"Nakuona wewe."

Mkono wa Zahor ulisita juu ya mashine. "Nilikusudia herufi za ukutani."

"Hukusema herufi. Umeuliza naona nini."

Masikio ya yule mtu wa maneno mengi yakageuka rangi. Rawya alitoka pale na miwani iliyonyooka, na moyo wake umepinda.

Ramadhani yote walizungumza kwa simu baada ya tarawehe. Rawya alikuwa na miaka thelathini na mbili. Aliwahi kuchumbiwa mara moja, posa ikavunjika, na tangu hapo alijizika katika kazi. Alisahau kama simu inaweza kumfanya mtu ajifunike shuka kichwani ili mama yake asisikie kicheko.

"Wakili wa mambo gani hasa?" Zahor alimuuliza. "Talaka?"

"Nyumba. Watu wakinunua nyumba pamoja ndani ya ukuta mmoja, wanakuwa na jumuiya yao. Lifti ya nani, paa la nani, nani ameegesha gari wapi. Jumuiya zinatuweka sisi tuzisemee."

"Kumbe unalipwa kusikiliza majirani wakigombana. Bibi yangu alikuwa akifanya kazi hiyo bure, dirishani."

"Nenda zako!"

"Basi nna kosa la kukiri kwako, habibti."

"Usiniambie, nisije nikakushtaki."

Alimwambia. Mama yake, Bi Khole, aliishi miaka mingi katika mtaa wa zamani wa Mawaleh, mlango kwa mlango na shoga yake, Bi Mahbuba, aliyetoka naye Unguja wakiwa wasichana. Zahor alipofanikiwa alimnunulia mama yake nyumba mpya nyuma ya mtaa huo huo, akaiandika kwa jina lake. Hakufikiri kuhusu ukuta. Nyumba mpya zilizungushiwa ukuta mrefu wenye geti moja, upande wa barabara kuu. Nyumba ya Bi Mahbuba ilikuwa karibu kiasi cha kusikia harufu ya mchuzi wake, lakini kuifikia kulitaka gari. Na Bi Mahbuba alikuwa amepooza upande mmoja. Hali chakula mpaka alishwe na Bi Khole.

"Mama alikaa ndani akawa ananyauka. Basi nikatoboa mlango katika ukuta huo, pale ulipopakana na chumba chake, nyuma ya kabati la nguo. Anasukuma kabati, anatokea uchochoroni kwa shoga yake. Kila siku adhuhuri anapita na bakuli lake. Hakuna anayejua."

Rawya alicheka hadi machozi. Aliiona picha: bibi mzima anaingia kabatini na bakuli la wali.

Ijumaa ile, futari ilipokwisha na watu wameegemea mito, akamsimulia ami yake.

*

Ami Mahfoudh alikuwa ndugu wa baba yake. Baba alipofariki, Rawya akiwa bado skuli, Ami aliwachukua yeye na mama yake akawapa ghorofa ya juu ya nyumba yake. Alimsomesha sheria. Alipomaliza akampa meza katika ofisi yake, jina lake likaandikwa mlangoni chini ya la Ami. Hajawahi kumsimbulia, na hilo ndilo lililokuwa zito. Rawya hakuweza hata kubadili pazia la chumba chake bila ya kujihisi anakosa shukurani.

Hakutaja jina la mtu. Alisema tu, kuna bwana mmoja Mawaleh katoboa ukuta nyuma ya kabati la mama yake. Ami alicheka na wenzake. Kisha akauliza, taratibu, akichukua tende, "Mawaleh ipi, mwanangu? Zile nyumba mpya za nyuma ya mtaa wa zamani?"

"Nadhani."

Ami hakuuliza tena.

Baada ya Idi aliingia chumbani kwa Rawya ofisini akamwekea jalada mezani. "Jumuiya ya Mawaleh. Mwenyekiti wao, Harub, analalamika watu wa nje wanaingia. Gari lake limevunjwa kioo, baiskeli ya mwanawe imeibiwa. Sasa tumempata mtu aliyeutoboa ukuta. Shukurani zako wewe. Utalisimamia."

Rawya alilifungua. Nyumba ya Khole, na jina la mwanawe chini yake. Herufi zikamchezea mbele ya miwani iliyonyooshwa.

"Ami, nitoe katika jalada hili."

"Kwa nini?"

"Namjua mtu humu."

"Maskati hii nani hamjui nani?" Ami aliketi ukingoni mwa meza. "Harub ana majumba mengine mengi. Hili likenda vizuri, yote yanakuja kwetu. Mimi nimechoka, Rawya. Nnataka siku ninapoondoka nikuachie ofisi iliyosimama. Sasa nambie, sababu yako ni ipi?"

Angesema nini? Kwamba anazungumza na mwanamme usiku chini ya shuka? Kwamba mzaha alioutoa kwenye mkeka ulikuwa siri ya mtu? Alisema, "Hakuna, Ami."

Na hapo ndipo aliponasa. Mambo ya mteja ni siri, na wakili anayeitoa si wakili tena. Zahor alipiga simu jioni ile, na Rawya aliitazama inavyolia juu ya kitanda mpaka ikanyamaza. Ikalia tena. Angepokea angemwambia, na akimwambia amemsaliti Ami. Asipomwambia anamsaliti yeye. Aliigeuza simu uso chini.

Ujumbe ukaja: "Roho yangu, nimekosa nini?"

Kesho yake: "Hata kama ni hapana, nisikie kwa sauti yako."

Hakujibu hata mmoja.

*

Wenye nyumba walikutana Jumamosi baada ya sala ya alasiri, katika ukumbi mdogo kando ya geti. Rawya alikaa meza ya mbele, baina ya Ami na Harub. Alimwona Zahor akiingia na kofia mkononi, akitafuta kiti; akamwona anavyomwona. Uso wake uling'aa kwanza, kama wa mtu aliyepotelewa na kitu akakiokota. Kisha akaitazama meza, akautazama mkoba wa kisheria mbele yake, na nuru ile ikazimika.

Harub hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu, na hofu yake ilikuwa na mamlaka. "Ndugu zangu, tunalala na mlango wazi bila ya kujua," alisema. "Mmoja wetu ametoboa ukuta wa wote. Nyuma ya kabati la nguo! Kabati! Linasukumwa kando kama pazia!"

Watu wengine walicheka. Zahor hakumtazama Harub. Alimtazama Rawya.

Jioni ile Rawya alipokea simu yake.

"Kabati," Zahor alisema. Hata salamu hakutoa. "Watu wanne tu tulikuwa tunajua. Mimi, mama, Bi Mahbuba. Na wewe."

"Zahor..."

"Ulikuwa ukinipeleleza tangu sokoni?"

"Wallahi sikujua! Nilisema bila ya kujua."

"Ulimwambia nani?"

Rawya alifumba macho. Jibu lilikuwa na jina la ami yake, na jina la ami yake lilikuwa na mteja nyuma yake. "Siwezi kukwambia."

"Huwezi. Vizuri. Nilikuwa nakuita roho yangu, kumbe nazungumza na ofisi."

Simu ikakatika. Wiki ile ile Harub aliwaleta mafundi wakauziba mlango kwa upande wa nje, matofali na saruji, kabla wenye nyumba hawajakubaliana lolote. Rawya alizisikia habari hizo ofisini, Harub akimweleza Ami kwa furaha, na Ami akinyamaza.

*

Simu ya mezani ilimjia asubuhi moja. Sauti ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, ya Kiunguja cha mjini, isiyo na haraka.

"Wewe ndiye wakili wa jumuiya?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Mimi naitwa Khole. Nyumba hii imeandikwa jina langu, na michango nnatoa. Basi mimi si katika hiyo jumuiya?"

"Umo, bibi."

"Basi nawe wakili wangu. Nnataka uje unione."

Rawya alijaribu kumwelewesha. "Mimi ni wakili wa jumuiya nzima, bibi, si wa mtu mmoja mmoja."

"Sawasawa. Na hiyo nzima ni nani? Harub peke yake?"

Bibi alipokata, Rawya aliuweka chini mkono wa simu. Kisha akamwambia Ami anakwenda kuuona ukuta, na ilikuwa kweli.

Bi Khole alimpokea amejifunga kanga mbili mpya zenye harufu ya udi. Alikuwa mfupi, mweupe wa nywele. Alimtazama juu hadi chini, akatikisa kichwa. "Kumbe nawe ndiye wa nusu shelisheli. Mwanangu hali chakula sababu yako. Pita."

Kabati lilikuwa limesukumwa kando. Mlango ulikuwa wazi, na nyuma yake palikuwa na matofali ya kijivu, saruji imetokeza baina yake kama uji uliofurika. Mbele ya matofali paliwekwa kiti.

"Mahbuba!" Bi Khole aliita, mdomo karibu na ukuta. "Umekula?"

Kikapita kitambo. Ikaja sauti nyembamba, kutoka mbali na karibu kwa pamoja. "Nimekula, shoga."

"Muongo huyo," Bi Khole alimwambia Rawya. "Mtumishi wao anamlisha haraka, anapaliwa, anaufunga mdomo. Zahor hunipeleka kwa gari akitoka kazini, lakini saa hizo keshalala. Basi nnakaa hapa adhuhuri nnampigia kelele mpaka ale. Mtaa mzima unajua nani alinyonyeshwa na nani na nani aliolewa kwa nguvu, maana siri zetu zote tunazisema kwa ukelele." Alicheka, kisha akaketi kwenye kiti kile, na mgongo wake ukawa mdogo. "Nimefungwa, mwanangu. Jela yenye zulia."

Rawya aligusa saruji. Ilikuwa ngumu na ya moto kwa jua la upande wa pili. Alitaka kusema yote. Alisema, "Bi Khole, mimi siruhusiwi kukusaidia."

"Nnajua. Nimekwita nikuone tu. Nimeona sasa. Nawe pia umefungwa."

*

Mkutano wa pili uliitishwa kupitisha azimio la kumshtaki Bi Khole. Ukumbi ulijaa. Bi Khole alikaa mstari wa mbele, mikono juu ya fimbo, Zahor kando yake, hageuzi shingo.

"Simama uwasomee," Ami alimnong'oneza Rawya.

Rawya alisimama. Karatasi ilikuwa mkononi mwake, na aliiweka mezani. Alikuwa amevaa baibui la kawaida lisilo na pambo, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ile ya mahakamani.

"Kabla ya jambo lolote," alisema, "sheria ya kazi yangu inanitaka nitangaze. Wakili asiwasemee watu katika jambo ambalo ana maslahi binafsi ndani yake. Mimi ninayo. Nina maslahi binafsi na mwana wa mwenye nyumba hii. Si ya biashara, wala si ya udugu." Akaisukuma ile karatasi mbali naye. "Ni makubwa. Yalianza kabla sijajua kesi hii, na nilidhani nikinyamaza yatakwisha. Hayakwisha. Kwa hivyo najiondoa, na nakuombeni radhi kwa kuchelewa kusema."

Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Yallah!" na minong'ono ikapasuka. Zahor alikuwa ameinua kichwa. Rawya hakuthubutu kumtazama. Alitazama kofia iliyokuwa ikizungushwa mapajani mwake, ikizungushwa, kisha ikasimama.

Ami Mahfoudh rangi ilikuwa imemtoka.

"Basi kabla hujatoka," mzee mmoja aliuliza, "tuambie, wakili. Huu mlango aliouziba mwenyekiti, alikuwa na haki?"

"Siwezi kusema tena, baba. Nimeshajitoa."

"Basi aseme huyo mkubwa wako."

Macho yote yakamgeukia Ami. Harub alimtazama kama mtu anayetazama mali yake. Rawya aliijua sura ile ya Ami, ya mtu anayepima. Aliijua tangu utotoni, na hakutarajia chochote.

Ami alivua miwani. "Hakuwa na haki," alisema. "Ukuta ni wa wote. Kuutoboa kulitaka kura, na kuuziba kulitaka kura. Wote wawili wamekosea. Kama mkenda mahakamani, mtaaibika. Huo ndio ushauri wa ofisi yangu."

Harub alimwambia pale pale kwamba hapati tena jumba hata moja. Ami aliitikia kwa kichwa, kama aliyekwishajua.

Basi wakapiga kura, kama kanuni inavyotaka. Wa kufunguliwa mlango, mikono juu. Wa kubaki umezibwa, mikono juu. Hakukuwa na haja ya kuhesabu mara mbili. Wenye nyumba walimwonea huruma bibi, lakini wana watoto, wana magari. Ukuta ulishinda.

Bi Khole aliinuka. "Alhamdulillahi," alisema, na hapakuwa na kejeli ndani yake. "Nilikuwa sijui kama jumuiya ni Harub tu. Sasa nnajua ni sote. Zahor, kalete gari. Nnahamia kwa Mahbuba."

"Mama, lakini nyumba..."

"Nyumba ni yangu. Nitaipangisha kwa mtu asiye na shoga."

*

Zahor alimkuta Rawya kwenye maegesho, amesimama kando ya gari lake, ufunguo mkononi, hajui aende wapi. Gari la Ami lilikuwa limeshaondoka bila ya yeye.

"Maslahi binafsi," Zahor alisema. "Ndiyo nini hiyo kwa Kiswahili cha nyumbani?"

"Unajua."

"Sijui. Mimi mtu wa miwani."

"Ni kwamba nakupenda, na sheria inanitaka niseme."

"Sheria tu?"

"Zahor, usinicheze, nitalia mbele ya bawabu." Na alikuwa ameshaanza. "Mlango niliusema mimi. Nilidhani ni kichekesho. Nilimsimulia mtu ninayemwamini, sikujua maneno yatafika wapi. Mama yako amefungiwa kwa ulimi wangu, na hata leo sikuweza kumfungulia."

Zahor aliutazama ule ukuta mrefu uliopakwa rangi ya mchanga. "Nilikasirika sana," alisema. "Nilikuwa napima watu macho na mimi mwenyewe sioni. Mama alipoonana nawe alinambia, yule msichana naye kafungwa kama mimi. Nikamwambia nyamaza. Mama yangu, nilimwambia anyamaze!" Akajipangusa uso kwa mkono wa kanzu. "Nilikwita mpelelezi. Nisamehe."

"Nisamehe wewe kwanza."

"Umeanza. Nani kagusa, nani kashika."

Rawya alicheka katikati ya kilio. Zahor hakumshika mkono, kwa sababu bawabu alikuwa akitazama kweli, lakini alisogea mpaka kivuli chake kikamziba jua.

"Nitakuja kwenu," alisema. "Kwa nani nije?"

Na hapo Rawya aliacha kucheka. "Kwa Ami. Baba sina. Yeye ndiye walii wangu, wa kuniozesha."

*

Ami hakumsemesha. Rawya alivitoa vitabu vyake ofisini katika maboksi, akarudi ghorofa ya juu, akaishi juu ya kichwa cha mtu aliyemsomesha na ambaye yeye alimwaibisha. Alimsikia chini akikohoa, akifungua redio, akiita chai. Alishuka kumsalimia kila asubuhi, akaitikiwa salamu na si zaidi. Mama yake alilia kwa siri jikoni. Zahor alituma wazee mara ya kwanza. Ami akasema yuko safarini, na gari lake limo uani. Akatuma tena, Ami akasema anaumwa.

"Niseme naye?" Rawya aliuliza kwa simu.

"Usiseme. Nitakuja mpaka achoke kuumwa, laazizi."

Mara ya tatu walikaribishwa. Ilikuwa alasiri, na Rawya na mama yake walikaa juu ya ngazi wameshikana mikono, wakijaribu kusikia. Sauti za wanaume zilipanda kama maji yanayochemka na kushuka. Vikombe vya kahawa viligongana. Mama yake akaanza kusoma dua.

Simu ya Rawya ililia. Aliliona jina la Ami, akadhani amekosea kubonyeza.

"Wakili Rawya?"

Hakuwa amemwita hivyo tangu mkutano ule. "Naam, Ami."

"Kuna mtu hapa ana dai. Amelitoa mbele ya mashahidi. Unalikubali au unalipinga?"

Mama yake alimfinya paja.

"Nalikubali."

"Bila ya masharti?"

"Lina sharti moja."

"Sema."

"Sikai ndani ya ukuta ule."

Alimsikia Ami akigeuka kando ya simu, akilirudia sharti kwa sauti ya kiwakili, neno kwa neno. Ikaja sauti ya Zahor, kubwa kama ya mtu anayedhani simu haisikii. "Nimeshapanga Darsait, juu ya duka! Ngazi ni mbovu, lakini geti hakuna!"

Watu chini walicheka. Ami alirudi kwenye simu, naye hakucheka, lakini pumzi yake ilikuwa imelegea.

"Ofisini usirudi," alisema kwa sauti ndogo. "Siwezi bado."

"Sitorudi, Ami."

"Lakini Ijumaa mtakula hapa. Wewe na huyu. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi jifunike vizuri ushuke. Kahawa imewaishia."